Kipupwe Si Likizo ya Jembe

MVUA zinapokwisha na upepo wa kusi kuanza kuvuma, jamaa nyingi huliegemeza jembe ukutani na kungoja mawingu ya Novemba. Mahindi yamevunwa, karanga zimechambuliwa, na ardhi inaanza kupasuka. Hufikiriwa kwamba wakati wa kupanda umepita. Fikira hiyo ni sahihi kwa mahindi na karanga. Kwa bustani ya mboga si sahihi hata kidogo. Kwa mtu anayekaa karibu na mto, ziwa, bonde au hata bomba la maji, miezi ya baridi tangu Mei hadi Agosti ndiyo miezi iliyo bora kupita yote ya kusia mbegu.

Katika ukurasa huu tutaitazama habari hiyo kwa kufuata mfano wa mahali pamoja, napo ni Nchelenge, katika Jimbo la Luapula nchini Zambia, kwenye ufuko wa mashariki wa Ziwa Mweru. Ng'ambo ya ziwa hilo ni nchi ya Kongo, ambako Kiswahili cha Katanga ndicho lugha ya sokoni. Upande wa kusini Mto Luapula unaingiza maji yake ziwani, na upande wa kaskazini, penye mji wa Pweto, Mto Luvua unayatoa. Ni ziwa kubwa lakini si la kina kirefu. Urefu wake ni kilometa 130 hivi, na kina chake kwa wastani hakifiki mita 10. Basi kandokando yake kuna mabonde mengi yenye unyevu ambayo hayakauki hata jua la Septemba linapowaka.

Wakazi wa huko ni watu wa samaki na muhogo. Soko la Kashikishi, lililo jirani kabisa na Nchelenge, hupeleka samaki mbali hata miji ya migodi. Lakini kila mwaka, kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, serikali ya Zambia hupiga marufuku uvuvi katika maji hayo ili samaki wapate kuzaa. Marufuku hayo yana sababu yake. Samaki aitwaye mpumbu, ambaye zamani alipanda Mto Luapula kwa makundi makubwa kwenda kutaga mayai, alivuliwa kupita kiasi hata uvuvi wake ukaanguka katikati ya karne iliyopita. Ziwa linahitaji kupumzika. Hata hivyo watoto hawapumziki kula. Kwa miezi mitatu hiyo kitoweo hupungua sokoni na bei yake hupanda, na ni miezi hiyo hiyo ambayo chakula cha shamba bado ki kichanga.

Hapo ndipo penye shina la maneno yetu. Kitoweo cha Desemba hutayarishwa Juni. Mama aliyesia vitunguu wakati wa baridi, akapanda magimbi penye kivuli chenye unyevu, akaanika majani ya mboga kabla ya joto kuu, atauona mwezi wa Januari bila hofu.

BARIDI HII NI YA NAMNA GANI?

Kwanza tuelewe ni baridi ya namna gani tunayoizungumzia. Ukiitazama ramani utaona kwamba Nchelenge na Njombe ziko karibu mstari mmoja, nyuzi 9 na ushei kusini ya Ikweta. Jua huwaangazia watu wa miji hiyo miwili kwa muda ule ule. Lakini Njombe iko juu ya vilima, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, hali Ziwa Mweru liko mita 900 na kitu tu. Kwa kila mita 1,000 unazopanda, hewa hupoa kwa nyuzi 6 hivi za Sentigredi. Ndiyo sababu katika vilima vya Njombe na Makete jalidi huweza kuunguza majani ya viazi usiku wa Juni au Julai, na kando ya Mweru jambo hilo halitokei. Maji ya ziwa nayo hulinda. Mchana hunyonya joto la jua, na usiku huliachilia polepole.

Kwa hiyo mkulima wa Nchelenge ana baridi ya kiasi. Mchana wake ni wa jua jeupe, usiku wake ni wa kujifunika blanketi, na hewa yake ni kavu. Hewa kavu huzuia ukungu unaoteketeza nyanya wakati wa masika. Baridi ya kiasi huipendeza kabichi, kitunguu, karoti, saladi na rape, mboga ya majani ambayo ndugu zetu wa Zambia huila takriban kila siku kama Wakenya walavyo sukuma wiki.

Huenda msomaji amepata kusoma katika vitabu vya Ulaya au Marekani kwamba wakulima wa huko husia mbegu nje wakati wa theluji, ndani ya makopo yenye mfuniko, nazo huota zenyewe majira ya joto yanapoingia. Habari hiyo ni ya kweli. Ziko mbegu za nchi za baridi ambazo zimeumbwa zilale usingizi mpaka zipitiwe na majuma mengi ya baridi kali. Asipoziamsha huyo baridi, hazioti. Mbegu za tufaha ni miongoni mwake. Lakini baridi yetu haifikii kipimo hicho, na mboga zetu za kawaida hazina usingizi wa namna hiyo. Asitokee mtu akaiweka mbegu ya nyanya katika barafu akidhani anaisaidia.

Faida ya kipupwe kwetu ni nyingine, nayo tuieleze kwa mifano miwili. Wa kwanza ni saladi. Mbegu ya saladi ikikuta udongo wenye joto la nyuzi 30 au zaidi hukataa kuota, hata ukiimwagilia asubuhi na jioni. Wengi wamemlaumu mwenye duka kuwa amewauzia mbegu mbovu, kumbe waliisia Oktoba. Ukiisia Juni huchomoza kwa siku 4 hadi 7.

Wa pili ni kitunguu. Mmea huu huhesabu saa za mchana kabla ya kufanya tunguu. Aina za Ulaya ya kaskazini hungoja mchana wa saa 14 na zaidi. Huku kwetu mchana wa Juni ni saa 11 na nusu hivi, na ule mrefu wa Desemba haufiki 13. Kitunguu cha aina hiyo kitakupa majani siku zote wala hakitakupa tunguu. Kwa hiyo ununuapo mbegu taja aina za mchana mfupi, kama Red Creole au Texas Grano, ambazo zimezoeleka katika nchi zetu.

KITALU CHA NJE

Hakuna haja ya nyumba ya vioo wala masanduku ya gharama. Kitalu cha nje kinatosha, mradi kiwekwe mahali pake. Chagua sehemu inayopata jua la asubuhi, iliyo karibu na maji, na ambayo haikulimwa nyanya wala kabichi mwaka jana. Upana wake uwe mita 1, ili mkono ufike katikati bila mguu kukanyaga. Urefu ufuate haja yako.

Kuna tofauti moja ambayo wengi huisahau. Wakati wa mvua tuta huinuliwa ili maji yaondoke. Wakati wa kipupwe fanya kinyume chake. Udongo uwe sawa na ardhi au ushuke kidogo kama jaruba, na ukingo mdogo uzunguke pande zote, ili kila tone libaki palipo na mizizi. Tuta lililoinuliwa hukaushwa na upepo wa kusi kwa nusu siku.

Katua udongo kina cha sentimeta 20, uvunje mabonge, kisha changanya samadi iliyooza vizuri hata haina harufu. Samadi mbichi huunguza mizizi na kuleta funza. Halafu tandaza nyasi kavu juu ya kitalu uzichome. Moto huo wa muda mfupi hupunguza vimelea na mbegu za magugu zilizo juu ya udongo. Acha majivu yapoe, sawazisha kwa reki, mwagilia, ungoje siku moja.

Kabla ya kusia, ijaribu mbegu yako. Chukua mbegu 20, zifunge katika kitambaa kibichi, ukiweke mahali penye vuguvugu na usikiache kikauke. Baada ya siku 7 hadi 10 zihesabu. Zikichipua 16 mbegu ni njema. Zikichipua 10 sia mara mbili zaidi. Zikichipua 4 usipoteze nguvu zako. Jaribio hili lina maana hasa kwa vitunguu, kwa kuwa mbegu yake hupoteza uhai upesi, na mara nyingi ile ya mwaka juzi haifai.

Chora mistari kwa kijiti, sentimeta 10 hadi 15 baina ya mstari na mstari. Kina kiwe mara mbili au tatu ya unene wa mbegu yenyewe. Kwa kabichi, rape, nyanya na kitunguu hicho ni kina cha kucha ya kidole. Mbegu zilizozikwa mno hufa kabla ya kuuona mwanga. Zitawanye kwa uchache. Kijiko kimoja cha chai cha mbegu za kabichi kina mbegu zaidi ya 1,000, na hakuna jamaa inayohitaji kabichi 1,000. Funika kwa udongo laini, kisha tandaza nyasi kavu nyembamba, umwagilie juu yake kwa kopo lililotobolewa matundu madogo. Ndoo moja ya lita 20 yatosha kwa siku katika kitalu cha mita 1 kwa 4.

Uangalie kila asubuhi. Kabichi na rape huchomoza kwa siku 5 hadi 7, nyanya 7 hadi 14 kwa kuwa baridi huichelewesha, vitunguu 7 hadi 14, na pilipili hoho huweza kufika siku 20. Mara uonapo vichwa vya kwanza ondoa nyasi zote siku ile ile. Miche inayolala chini ya nyasi hurefuka na kuwa myeupe kama ya gizani. Mahali pa nyasi jenga kichanja cha miti na makuti au matete, kimo cha nusu mita au zaidi, kisiwe kizito. Kiinamishe upande mmoja ili jua la asubuhi lipenye na lile la mchana lizuiwe.

Miche ya rape na kabichi huwa tayari kwa majuma 4 au 5, nyanya kwa 4 hadi 6, na vitunguu kwa 6 hadi 8. Juma moja kabla ya kuatika, punguza maji na uondoe kichanja kidogo kidogo, ili miche izoee ugumu kama kuruta azoeavyo kwata. Atika jioni, mwagilia papo hapo. Rape ipewe sentimeta 30 hadi 45 baina ya mche na mche, kabichi 45 hadi 60, vitunguu 10 tu. Karoti haipendi kuhamishwa. Ukiing'oa mzizi hupinda na kugawanyika kama uma. Isie pale pale itakapokaa, na uwe na subira, maana huchukua siku 10 hadi 20 kuchomoza.

MAADUI WA MICHE

Adui wa kwanza ni kinyausi. Mche uliosimama jana unaonekana leo umelala, na shina lake limenywea penye usawa wa udongo kama uliofungwa uzi. Ni vimelea vya udongoni, navyo hustawi penye baridi, msongamano, kivuli kizito na maji mengi. Dawa yake kubwa ni mwenendo. Mwagilia asubuhi, usimwagilie usiku. Punguza miche iliyobanana. Acha hewa ipite. Palipoanza ugonjwa ondoa miche yenyewe pamoja na udongo wake, na mahali hapo pasipewe maji siku moja au mbili.

Adui wa pili ni sota, mdudu wa rangi ya udongo ambaye hukata mche usiku na mchana hujificha. Fukua kandokando ya mche uliokatwa, utamkuta amejikunja. Kipande cha karatasi ngumu kilichozungushwa shinani kama kola humzuia. Adui wa tatu wanamjua wote, naye ni kuku. Hakuna somo la kilimo litakalofaa kitu pasipo ua wa matete.

KIVULI CHENYE UNYEVU

Sasa tuje kwenye ile pembe ambayo wengi huiona haina kazi. Kila nyumba ina mahali pa namna hiyo, kama nyuma ya jiko yanapomwagwa maji, chini ya mwembe, kando ya bomba, au ukingoni mwa bonde. Nyanya hazizai hapo na mahindi huwa membamba. Lakini yako mazao ambayo hapo ndipo nyumbani kwao.

Kwanza pima kivuli. Saa 6 mchana nyosha mkono wako juu ya mahali hapo. Kivuli cha mkono kikionekana wazi pamoja na vidole, hapo ni penye jua. Kikionekana kama wingu lisilo na mipaka, ni kivuli cha kadiri, nacho ni kizuri. Kisipoonekana kabisa, ni kivuli kizito. Hapo mmea wowote wa chakula utateseka, afadhali ukate matawi machache ya chini.

Kisha pima unyevu. Chimba shimo la sentimeta 40 ulitazame kesho yake. Likiwa na udongo unaoshikana bila maji kusimama, mahali hapo ni pazuri. Likiwa na maji yaliyotuama na udongo wa kijivu unaonuka kama yai viza, mizizi haitapata hewa. Hapo chimba mfereji mdogo au pandisha udongo kuwa tuta, au upaachie magimbi.

Magimbi ndiye mfalme wa pembe hiyo. Hustahimili maji kuliko karibu kila zao letu la mizizi, na huvumilia kivuli cha kadiri. Panda vipande vya juu vya gimbi pamoja na shina lake fupi, umbali wa sentimeta 60 hadi 90. Yakipandwa Juni penye unyevu wa kudumu, mengi huwa tayari baina ya Desemba na Machi, yaani wakati ule ule wa kufungwa kwa uvuvi. Yapikwe sawasawa, mizizi hata na majani, kwa kuwa yakiwa mabichi huwasha koo vikali.

Migomba nayo hupenda pembeni mwa kivuli, hasa panapopita maji ya kuoshea vyombo. Chini ya migomba panda tangawizi na manjano mvua za kwanza zinapokaribia. Huchukua miezi 8 hadi 10, wala hazihitaji jua kali. Nanaa itajitandaza yenyewe hata utalazimika kuizuia. Saladi na giligilani, ambazo Septemba huchanua upesi na kuwa chungu juani, huendelea kutoa majani laini kwa majuma kadhaa zikiwa katika kivuli cha kadiri. Mnavu pia huvumilia. Mchicha, bamia na maboga usiyapeleke huko. Hayo ni watoto wa jua.

Elimu ya kulima penye unyevu wakati wa kiangazi si ngeni kwetu. Wazee wa Iringa na Njombe wana vinyungu vyao mabondeni, na watu wa Zambia wana dambo zao. Wote walijua kwamba bonde ni ghala la maji. Walijua pia kwamba ghala hilo likivunjwa halijazwi tena upesi. Basi usilime mpaka ukingoni mwa maji. Acha ukanda wa matete na nyasi ushike udongo, wala usichimbe mifereji mikubwa ikauka sehemu nzima. Mwaka wa kwanza utafurahi, na mwaka wa tatu utalima vumbi.

MAJI, MBU NA KONOKONO

Hatuwezi kuisifu bustani ya kando ya maji tukanyamazia hatari zake. Nchelenge ni miongoni mwa wilaya za Zambia zilizosumbuliwa mno na malaria, tena malaria isiyojua majira. Wataalamu waliochunguza mbu wa huko wameona kwamba aina iliyoenea sana ni ile inayozaa katika maji ya kudumu yenye nyasi kandokando. Maji ya namna hiyo hayakauki kipupwe, ndiyo sababu homa nayo haikauki. Kisima kidogo cha bustani, kisicho na mfuniko na kilichozungukwa na majani, ni hospitali ya uzazi ya mbu.

Kwa hiyo jamaa yenye bustani na izishike kanuni hizi. Kisima kiwe na mfuniko wa mbao au bati. Pipa na ndoo za maji zimwagwe na kusuguliwa kila juma, kwa maana yai la mbu huhitaji siku 7 hadi 14 hivi kuwa mbu kamili. Mifereji isafishwe ili maji yatembee. Nyasi za ukingo wa kisima zikatwe. Na chandarua kitumiwe kila usiku, hata usiku wa baridi ambao mbu hawasikiki, hasa kwa mama mjamzito na watoto.

Adui mwingine ni kichocho, kiletwacho na vijidudu vitokavyo kwa konokono wa maji yaliyotulia. Asiyekuwa na viatu vya mpira asisimame majini kuchota. Ajenge daraja dogo la mbao. Na katika mito na maziwa yenye mamba, maji yachotwe mahali palipo wazi, kwa pamoja, wala mtoto asitumwe peke yake jioni.

Wasomaji wa umri mkubwa wataikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 katika Tanzania, ambapo wananchi walikusanyika penye redio kujifunza habari za malaria, kichocho na usafi wa maji, kisha wakatoka kufyeka na kufukia madimbwi. Mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai, iliyohimiza bustani za mboga. Kampeni hizo mbili zilikuwa ndugu. Bustani bila afya huleta kitanda cha hospitali, na afya bila bustani hukosa nguvu.

ASKARI NA BARUA YA UHAMISHO

Ndugu askari na jamaa yako, huenda mmekuwa mkisema moyoni, "Maneno haya ni mazuri, lakini sisi huhamishwa. Leo tuko hapa, kesho barua imefika." Ni kweli, na ndiyo sababu kubwa ya nyumba nyingi za askari kuwa na uwanja mweupe uliofagiliwa vizuri usio na jani la kupika. Lakini hesabu miezi. Saladi huvunwa majuma 6 hadi 8 tangu kusiwa. Rape huanza kuchumwa karibu majuma 4 baada ya kuatikwa. Mchicha, joto likianza kurudi, huchumwa kwa majuma 4 tu. Mwenye shaka ya kukaa na apande hayo kwanza. Vitunguu, magimbi na migomba vitakuwa urithi wa atakayemfuata.

Na huo urithi usidharauliwe. Laiti kila jamaa inayoondoka ingeacha nyuma ya nyumba kitalu kimoja na shina la mgomba, hakuna jamaa ambayo ingefika kituo kipya ikaanza kwa kununua kila jani sokoni. Jeshi la Kujenga Taifa, lililoanzishwa mwaka 1963, lilifundisha vijana kwamba silaha na jembe hukaa katika mkono mmoja. Somo hilo si la kambini tu. Ni la nyumbani pia.

Mfano wa jirani ni mkubwa kuliko huu wa uhamisho. Katika wilaya hiyo hiyo ya Nchelenge mwaka 2018 yalifunguliwa makazi ya Mantapala kwa ajili ya ndugu wa Kongo waliokimbia vita. Makazi hayo yalipangwa ili wakimbizi na wenyeji wakae na kulima pamoja. Mtu aliyekimbia hana kabati wala kitanda. Lakini mbegu ni mzigo mwepesi, na mahali popote penye udongo na maji huweza kumwanzishia mtu maisha. Ikiwa aliyefukuzwa na risasi anaweza kusia, aliyehamishwa kwa barua na gari la serikali hana udhuru.

MIEZI KWA UFUPI

Kalenda hii ni ya mwambao wa Mweru na mahali penye hali kama hiyo. Walio juu vilimani waongeze majuma mawili au matatu kwa kila zao, na walinde miche usiku wa jalidi.

Mei: tayarisha kitalu. Sia vitunguu, kabichi, rape na nyanya. Jaribu mbegu za zamani.

Juni: sia saladi na karoti. Panda magimbi penye unyevu. Mwisho wa mwezi atika rape.

Julai: atika kabichi, nyanya na vitunguu. Tandaza nyasi kavu kuzunguka miche. Sia rape ya awamu ya pili.

Agosti: joto linarudi. Loweka mbegu za bamia usiku mmoja, uzisie penye jua. Sia mchicha na maboga.

Septemba na Oktoba: vuna, uza, na uweke akiba. Vitunguu ving'olewe majani yanapolala, vikaushwe kivulini majuma mawili, kisha vifungwe mafungu na kutundikwa. Hivyo huweza kufika Januari. Majani ya mboga yachovywe katika maji yanayochemka kwa dakika 2 au 3, kisha yaanikwe kivulini juu ya kichanja. Jua kali huharibu vitamini iliyomo, ile inayolinda macho ya watoto. Yapikwapo yatiwe mafuta kidogo, kwa kuwa vitamini hiyo huingia mwilini vizuri pamoja na mafuta. Mawese yanafaa sana.

Novemba: mvua zimefika. Panda tangawizi na manjano chini ya migomba. Inua matuta, maana sasa adui ni maji mengi.

Desemba: nyavu zinaanikwa, mitumbwi inavutwa pwani. Fungua ghala lako.

Kwa jamaa ambayo haijaanza, hatua ya kwanza ni ndogo. Pima mita 1 kwa 2 nyuma ya nyumba jioni ya leo, nunua pakiti moja ya rape na moja ya vitunguu vya mchana mfupi, uwape watoto kazi ya kukusanya nyasi kavu. Asubuhi mpaka maji yapate joto la chai, kitalu kitakuwa kimekwisha kuchimbwa.